Bakuli Lililopinduliwa

Asubuhi ile ya Jumapili Daw Ngwe Saw alisimama langoni kama alivyosimama kila asubuhi kwa miaka ishirini na tisa, miguu mitupu, nywele zimebanwa nyuma, sufuria ya wali wa moto ameipakata mkono wa kushoto na mwiko mkono wa kulia. Mtaa wa Makarani una nyumba kumi na mbili, zote za serikali, zote za bati la kijani, na mbele ya kila lango alisimama mwanamke na sufuria yake. Mtawa mkuu wa monasteri yetu, Sayadaw U Tiloka, ambaye wengi walimwita Mwalimu, alitokea upande wa kisimani peke yake, kwa hatua fupi, macho chini. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Mtaa huu ulikuwa njia yake tangu nyumba hizi zilipokuwa bado zimeezekwa nyasi.

Alipofika mbele ya Ngwe Saw alisimama. Ngwe Saw akachota wali, akanyoosha mwiko. Mzee akalitoa bakuli lake jeusi kwenye mkunjo wa joho, akaligeuza juu chini, akalishika hivyo kwa mikono miwili, kitako cha bakuli kikitazama mbinguni. Akakaa hivyo kwa muda wa pumzi tatu. Hakumkazia macho wala hakukunja uso. Kisha akaenda lango linalofuata na kufanya vilevile, na lile la pili yake vilevile, mpaka mwisho wa mtaa.

Kwetu mtawa haombi chakula na hashukuru. Anayeshukuru ni yule aliyepokelewa wali wake, maana yeye ndiye aliyejiwekea akiba ya maisha yajayo. Hata mwanamke wa mwisho kwa umaskini, mwenye kijiko kimoja cha wali na chumvi, hufunguliwa mlango huo kila kunapokucha. Kupinduliwa bakuli ni kufungiwa, na watawa hawalifanyi jambo hilo ovyo. Wazee wa mtaa walikuwa wamelisikia tu, hawajaliona.

Mwiko wa Ngwe Saw ulibaki umenyooshwa barabarani.

"Dada Ngwe, unamsubiri nani?" aliuliza Daw Pyone, jirani wa lango la pili, mke wa karani wa ghala. "Ameshapita."

"Naona."

"Mimi pia kanipindulia. Lakini mume wangu anahesabu magunia tu. Mwenye kalamu ni wako."

Ngwe Saw akaufunika wali, akaingia ndani.

Mumewe, U Pe Thaung, karani mkuu wa ofisi ya kata, alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na nane, mwembamba, mwenye kucha safi, na shati lake lilipigwa pasi kila siku hata siku ambazo ofisi imefungwa.

"Mbona sufuria imerudi imejaa? Sayadaw anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi?"

"Amepindua bakuli."

"Kampindulia nani?"

"Wewe, baba Hnin Yu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo tu."

U Pe Thaung alicheka kidogo, kama mtu aliyesomewa barua isiyo yake. Kisha akaacha kucheka. "Mimi? Mimi niliyepaka chokaa ukuta wa monasteri kwa mikono hii? Nimempiga nani mimi?"

Binti yao, Hnin Yu, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa anangoja nafasi ya chuo cha ualimu, alikuwa anapanga sahani mkekani. Alijibu bila kuinua kichwa. "Watawa wamekaa kikao jana, baba. Wamesema yeyote aliyeinua mkono au kalamu juu yao na juu ya waliowasaidia, wali wake haupokelewi mpaka aombe radhi na kulitengua alilolifanya."

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima."

"Mimi sijainua mkono."

"Sikusema mkono."

Siku kumi kabla, watawa walikuwa wametembea kwa mstari kuvuka daraja, wakisoma sala, kwa ajili ya bei ya mafuta na mchele iliyokuwa imewakaba watu koo. Ilikuwa siku ya jua kali. Wanawake wakatoa ndoo za maji milangoni, watawa wakanywa wakipita. Darajani askari wakawapokea kwa vitako vya bunduki, na watatu mpaka leo hawajaonekana. Jumanne iliyofuata kapteni mmoja alikuja ofisi ya kata na agizo: iandikwe orodha ya kila nyumba iliyotoa maji, iwe na saini na muhuri, ataichukua Ijumaa ya wiki inayofuata. U Pe Thaung aliyajua malango yote ya kata ile. Aliandika nyumba ishirini na tatu kwa mwandiko wake mzuri, ulionyooka kama mpunga uliopandwa kwa kamba, akaiweka orodha kwenye droo nyumbani. Saini ilikuwa bado.

Alisukuma sahani yake. "Nikiacha mimi, ataandika mwingine."

"Pengine," alisema mkewe. "Kula, wali upo mwingi leo."

*

Jumatatu bakuli lilipinduliwa, na Jumanne pia. Jumanne jioni U Pe Thaung alirudi na baiskeli imebeba gunia nyuma. Alikuwa ameendesha mpaka shambani kwa shemeji yake, ng'ambo ya mto, na alikuwa na uso wa mtu aliyepata faili lililopotea.

"Nimelielewa," alisema. "Mchele wetu tunanunua kwa mshahara. Mshahara ni wa serikali. Hicho ndicho anachokataa mzee. Sasa huu hapa umelimwa na kaka yako, umepurwa na kaka yako, haujaguswa na serikali hata punje. Kesho mpikie huu."

Ngwe Saw alichota mchele, akaunusa. Ulikuwa mpya, unanukia. "Unadhani Mwalimu anachambua mchele?"

"Wewe pika."

Jumatano akachelewa makusudi kwenda kazini, akakaa nyuma ya dirisha, ubao wa dirisha ameuacha wazi upana wa kidole. Mzee alikuja. Hatua zake zilikuwa fupi zaidi kuliko jana, na nyuma yake, mbali kidogo, alifuata Ko Htwe, mfagiaji wa monasteri, jambo ambalo halikuwa kawaida. Ngwe Saw alinyoosha mwiko. Wali wa kaka yake ulitoa mvuke mweupe. Bakuli likapinduka.

"Jamani!" Daw Pyone alishindwa kujizuia. "Hata mchele wa shemeji? Basi kumbe tatizo si mchele, dada, ni mpishi!"

Wanawake watatu wanne walicheka, kile kicheko cha watu walioaibika wote pamoja. Kicheko kikakatika. Kwenye lango la nne Sayadaw alikuwa ameshika nguzo. Aliishika kwa mkono mmoja, mwingine umekumbatia bakuli, akainamisha kichwa karibu na mti ule kama anasikiliza kitu ndani yake.

Hakuna aliyesogea. Mwanamke kwetu hamgusi mtawa, hata akianguka. Wakasimama wote kumi na mbili, kila mmoja na sufuria ya chakula cha moto, mbele ya mzee anayezimia kwa njaa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumpa tonge wala mkono.

U Pe Thaung alitoka mbio, saruni ameikunja mkononi, akamwahi pamoja na Ko Htwe. Mkono wa mzee ulikuwa mwepesi kama ukuni uliokaa juani.

"Ana nini?" aliuliza.

"Ana njaa," alisema Ko Htwe kwa hasira. "Hajala tangu Jumapili."

"Vipi hajala? Si watawa wengine wanapita mitaa mingine? Si chakula kipo?"

"Kipo tele, mpaka tunawapa mbwa. Vijana wamemlilia ale. Anasema mtaa wake ndio jiko lake. Jiko likizimika, yeye hali."

Sayadaw alifumbua macho. "Niacheni nimalize, zimebaki nyumba nane," alisema. Na akazimaliza, lango kwa lango, bakuli juu chini, huku Ko Htwe akimshika kiwiko. Hakuna aliyecheka tena. Daw Pyone alikuwa amekaa chini kizingitini, sufuria mapajani, analia waziwazi.

*

Mchana ule U Pe Thaung aliondoka ofisini mapema, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa, akaenda monasteri. Alivua kandambili ngazini, akaingia, akasujudu mara tatu. Chumba kilikuwa kilekile. Ukutani pa mashariki paliegemezwa bao jeusi alilojifunzia kusoma jioni akiwa na miaka ishirini na sita, mbeba matofali aliyekuwa akitia dole gumba kila alipolipwa. Sayadaw huyuhuyu ndiye aliyemshika mkono mpaka herufi zikasimama wima. Kazi, nyumba ya bati, mke aliyekubaliwa na wakwe, shati la pasi, vyote vilianzia kwenye bao lile.

Mzee alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, kichwa juu ya kigogo. Alijiinua kidogo.

"Mwalimu, nakuomba ule."

"Saa sita imepita, Pe Thaung. Hata ningekuwa na karamu hapa nisingekula." Akacheka, na kicheko kikamchosha. Mtawa hali baada ya adhuhuri, na mzee alifurahi kumnasa karani kwa kanuni.

"Kesho basi."

"Kesho napita mtaani."

"Ukipita utaanguka."

"Ko Htwe yupo. Na wewe upo. Leo ulikimbia vizuri, sikujua bado una mbio hizo."

U Pe Thaung alitazama mikono yake. "Unatuadhibu, Mwalimu. Tumekukosea, basi tupige, tutukane mbele za watu. Lakini hii... Wanawake hawalali. Mke wangu hazungumzi."

"Nawaadhibu? Nani, mimi?" Mzee alionekana kushangaa kweli. "Kaa karibu, sauti yangu leo haifiki mbali. Unajua sisi hatushukuru kwa wali. Miaka yote hii Ngwe Saw ananipakulia, natia bakulini, naondoka kama bubu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Lakini leo sina wali wake mkononi. Kwa hiyo leo naweza kusema. Mwambie nashukuru. Mwambie wali wake haukuwahi kuwa mbichi hata siku moja, hata mwaka wa mafuriko. Mwambie Pyone mboga zake zina chumvi nyingi, na nashukuru kwa hizo pia."

"Kama unashukuru, kwa nini unakataa?"

Sayadaw alijishika mkono wake wa kushoto, ngozi juu ya mfupa. "Tazama hii. Mama yangu alinipa kidogo tu, na hicho kidogo kimekwisha zamani. Hiki kilichopo kimejengwa na mtaa wako. Ni wali wenu huu. Sasa nina neno la kuuambia mtaa, neno zito, na sina mali, sina bunduki, sina muhuri. Nina hiki mlichonijengea. Ndicho ninachotumia."

"Na kikiisha?"

"Kitakuwa kimekwisha kwenye kazi."

Nje Ko Htwe alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Niambie nifanye nini, Mwalimu. Sema tu, nitafanya."

"Ah, hapana," alisema mzee, akafumba macho. "Sikukufundisha kuandika ili nikwambie cha kuandika."

*

Alhamisi jioni walikula jua likiwa bado halijazama. Asubuhi mzee alikuwa amepita tena, ameshikwa pande zote mbili, na mtaa ulikuwa kimya kama wenye msiba. U Pe Thaung alikuwa amefikisha salamu zote, za wali na za chumvi. Mkewe alizisikiliza amesimama, kisha akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Sasa alikuwa anamega samaki mkavu kwa vidole, hali. U Pe Thaung ndiye aliyeanza.

"Miezi kumi na sita. Imebaki miezi kumi na sita nistaafu. Nikiharibu kesho hakuna pensheni. Nyumba wanachukua siku hiyohiyo, mnajua ilivyokuwa kwa marehemu U Hla Bu, vitanda vilitupwa mvuani. Na wewe, Hnin Yu, barua yako ya chuo inataka muhuri wa kata."

"Najua," alisema Hnin Yu.

"Unajua, halafu?"

"Halafu nitafundisha watoto wa shule nini, baba? Kwamba nilipata barua kwa kalamu hiyohiyo?"

"Maneno rahisi hayo kwa mtu ambaye hajawahi kubeba matofali."

"Basi nitabeba."

"Utabeba! Mikono hiyo? Utabeba manne, utaomba maji."

Hnin Yu alitabasamu bila kutaka, na baba yake pia, kidogo. Ngwe Saw hakutabasamu.

"Umeandika nyumba ngapi?" aliuliza.

"Mambo ya ofisi hayo."

"Ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Ni ishirini na nne."

U Pe Thaung aliacha kutafuna.

"Nilitoa ndoo mbili," alisema Ngwe Saw. "Uliporudi kula mchana ulinikuta nazianika. Uliziona. Uliziruka ukapita."

"Wewe ni mke wangu."

"Na Ma Tin anayeuza tambi sokoni si mke wa mtu? Umemwandika?"

U Pe Thaung alianza kuchambua miiba ya samaki.

"Umemwandika. Alikuwa pembeni yangu na kopo lake. Tulikuwa tunapokezana."

"Ulitaka nikuandike? Ulitaka wakuchukue wewe?"

"Nilitaka usiniibie." Sauti yake haikupanda. "Yale maji niliyatoa kwa moyo wangu mwenyewe. Katika maisha yangu kuna mambo machache niliyoyafanya bila kuuliza mtu, na hilo ni moja. Ukinificha ni kama sikutoa. Unaniacha peke yangu salama, halafu kesho nisimame na mwiko langoni nimtazame Mwalimu akidondoka. Salama gani hiyo, baba Hnin Yu?"

Alimega tena samaki, akamwekea mumewe kipande kikubwa kwenye sahani, kama alivyofanya siku zote.

"Kula," alisema. "Umekonda."

*

Kapteni alikuja Ijumaa saa tatu asubuhi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, amenyoa vizuri, na alikaa kwenye kiti cha U Pe Thaung bila kuombwa. U Pe Thaung akasimama mbele ya meza yake mwenyewe. Watu saba walikuwa kwenye foleni ya vyeti, nao wakajifanya wanasoma matangazo ukutani.

"Haya, mzee. Iko tayari?"

"Iko tayari, bwana kapteni." Akaweka karatasi mezani kwa mikono miwili, kwa adabu.

Kapteni aliisoma, akaigeuza nyuma, hakukuta kitu, akairudia. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja. *Nyumba namba moja, Mtaa wa Makarani. Mwenye nyumba: U Pe Thaung, karani mkuu wa kata. Maji, ndoo mbili.* Chini yake saini, na muhuri mwekundu umegongwa pale unapotakiwa kugongwa, umenyooka.

"Hii nini?"

"Orodha."

"Orodha ya mtu mmoja?"

"Hao wengine sikuwatambua, bwana kapteni. Jua lilikuwa kali."

"Umekaa kata hii miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Na huwatambui watu wako?"

"Uzee."

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa, na ilikuwa wazi kwamba kikohozi kile kilikuwa kicheko. Kapteni aligeuka, foleni ikatazama matangazo. Alipomgeukia tena U Pe Thaung uso ulikuwa umebadilika.

"Niliambiwa orodha imekwisha kuandikwa. Iko wapi?"

"Mke wangu aliwashia jiko leo alfajiri." Hii ilikuwa kweli. "Haikuwaka vizuri. Karatasi za ofisi zina unyevu."

Kofi lilimpata kabla hajafunga mdomo. Miwani ikaenda chini ya kabati. Aliinama kuifuata, akaambiwa aiache. Akaambiwa avue shati. Alilivua, akalikunja kwa mistari ya pasi, akaliweka mezani, na hilo likamkasirisha kapteni kuliko maneno. Akatolewa nje, akaamriwa kuchuchumaa mlangoni pa ofisi ya kata, uso umeelekea barabara, kifua wazi, ile karatasi ya mstari mmoja imefungwa shingoni kwa kamba ya mafaili. Karani mkuu. Watu wa kata nzima hupita pale, maana soko liko upande wa pili.

Alichuchumaa mpaka mchana. Bila miwani aliona watu kama vivuli. Walipita haraka, hawakumsalimu, naye aliwaelewa. Yeye pia kwa miaka mingi alikuwa amepita haraka. Magoti yalikufa ganzi. Aibu ilikuja, ikampanda mpaka masikioni, ikakaa, na kwa mshangao wake ikaanza kuondoka. Kulikuwa na nafasi kubwa sana mahali ilipokuwa. Alivuta pumzi, ikaingia yote.

Kivuli kimoja kilisimama. Kilikuwa cha kike na kilinukia supu ya samaki. Kikainama, kikaweka kikombe cha maji karibu na goti lake.

"Kunywa, mjomba," alisema Ma Tin, "kabla yule mtoto hajatoka."

Ma Tin hakujua kwamba kwenye ile karatasi iliyoungua alikuwa wa nne. U Pe Thaung alikunywa mpaka kikombe kikawa kitupu. Alitaka kumwambia ahsante na nisamehe, lakini mdomo wake ulikuwa umevimba, na yakatoka yote mawili kwa pamoja, hayaeleweki.

"Si neno," alisema Ma Tin, akachukua kikombe chake.

*

Walimweka ndani siku kumi na tisa. Nyumba ilifungwa kwa kufuli la kata jioni ileile ya Ijumaa, na vitanda vilitupwa nje, ingawa mvua haikunyesha. Orodha nyingine iliandikwa baadaye na karani mwingine, kwa haraka, ikiwa na majina ya watu wawili waliokwisha kufa. Waliochukuliwa kwa orodha hiyo walikuwa watano. Watano ni wengi, na U Pe Thaung aliwabeba moyoni mpaka mwisho. Lakini hawakuwa ishirini na tatu.

Siku ya pili kizuizini mlinzi alimletea kopo la chakula. "Binti yako analeta ujumbe, sijui maana yake. Anasema, Mwalimu anakula."

"Amesema hivyo?"

"Kasema mara mbili, kama mimi ni kiziwi. Mwalimu anakula. Mbona unalia, mzee? Kula na wewe."

Habari kamili aliisikia alipotoka. Jumamosi ile Sayadaw alifika Mtaa wa Makarani, akakuta namba moja ina kufuli. Akamuuliza Ko Htwe, Ko Htwe akamwonyesha. Ngwe Saw na Hnin Yu walikuwa wamehamia kwa dada yake Ngwe Saw, kibanda cha mianzi nyuma ya tanuri za matofali, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye nguvu. Mzee alitembea zaidi ya saa nzima. Ngwe Saw alikuwa na sufuria ndogo ya kuazima. Alipoona bakuli limekaa wima, mdomo wake juu, mwiko ulimtoka mkononi. Ikabidi aokote, aoshe, aanze upya, na mtawa akangoja.

Tangu hapo alikuja huko kila siku. Wiki ya pili makarani wawili wa mtaa walikwenda monasteri kuomba radhi, wakaacha kazi. Mume wa Daw Pyone hakwenda. Daw Pyone mwenyewe bado alisimama langoni kila asubuhi na kupinduliwa, na kila asubuhi alipika.

U Pe Thaung aliachiwa Jumatano jioni. Alfajiri aliamka kwa harufu ya wali. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa kukaa ndani ya nyumba yenye chumba kimoja na jiko lake na kujua hana pa kwenda saa mbili. Mkewe alimpa shati la shemeji, pana mabegani.

"Simama wewe leo," alisema, akamkabidhi mwiko.

"Mimi? Sijawahi. Hiyo ni kazi yako."

"Ulikuwa na haraka ya ofisi. Leo una haraka gani?"

Akasimama mlangoni miguu mitupu, kwenye vumbi jekundu la tanuri. Sayadaw alikuja, amekonda, macho chini, Ko Htwe nyuma yake. Akasimama. Akafunua kifuniko cha bakuli. U Pe Thaung alichota, punje kadhaa zikaanguka chini. Akachota tena. Akachota mara ya tatu na ya nne, maana hakujua ni wapi mtu anatakiwa kuacha, na mtawa hasemi basi.

"Baba," Hnin Yu alinong'ona, "na sisi tupo."

Mzee alifunika bakuli. Hakusema neno, kama ilivyo desturi. U Pe Thaung alipiga magoti pale pale, akaweka viganja pamoja, paji la uso likagusa vumbi. Alishukuru kwa sauti, jinsi mtoaji anavyotakiwa kushukuru, na safari hii kila neno lilitoka wazi.

Walipoingia ndani sufuria ilikuwa imebaki tupu, isipokuwa ukoko umeshika chini.

"Umegawa chakula cha watu watatu," alisema Ngwe Saw. "Karani mkuu mzima, hujui kugawanya."

Hnin Yu aliukwangua ukoko kwa kijiko, akaumwagia mafuta kidogo na chumvi, akauvunja vipande vitatu. Aliyekuwa karani hakuwahi kula ukoko tangu enzi za matofali. Aliuona chakula cha watu wasiojua kupika. Aliuma. Ulikuwa mkavu, wenye kunukia moshi, na ulilia menoni. Akautafuna taratibu mpaka mwisho, akalamba chumvi vidoleni, kisha akamnyooshea mkewe sahani.

"Kipo kingine?"